Ufa Chini ya Utepe

Kila Jumamosi, mwaka ule wa 2006, Dainess aliandika alama za mzigo kwenye marobota ya jinzi katika ghala moja la Sanyuanli, Guangzhou, China. Mama yake, Felisia, alizinunua Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, na kuzipeleka Mbeya. Mjomba Pandu alizibana kwa mashine: chuma kinashuka, kinapanda, kutwa nzima.

Leo Dainess hakutulia. Jumamosi iliyopita aliona ufa mwembamba kama unywele kwenye kona ya mashine. Fundi akiitwa, kontena litawaacha! Akaufunika kwa utepe wa maboksi, akanyamaza.

Abdulwakil, mwanafunzi wa uhandisi aliyemfundisha hesabu, aliketi juu ya robota.

"Unajua kwa nini madirisha ya ndege hayana kona kali?"

"Urembo?"

"Urembo! Watu walikufa, wewe. Ndege za abiria zilianza kujazwa hewa ndani ili ziruke juu ya dhoruba na watu wapumue. Kila safari mwili wa ndege huvimba kidogo, kisha hunywea. Mwaka 1954 ndege moja ya jeti, ya aina ya Kometi, ilipasuka angani. Wakubwa wakazisimamisha Kometi zote, wakakagua, sababu hawakuijua, wakazirusha tena. Hazikupita wiki tatu, ya pili ikaanguka! Ndipo wakaitia moja kwenye tangi, wakaivimbisha kwa maji mara maelfu, hadi ikachanika kwenye kona ya tundu lililokatwa ubavuni kama dirisha. Ufa ulikuwa ukikua kimyakimya."

Nyuma yao chuma kikashuka. Kikapanda.

"Mjomba, toa mkono!"

Pandu akacheka. "Umeota mchana, bibi mdogo?"

Dainess akakimbia, akaubandua utepe. Ufa sasa ulikuwa mrefu kama kidole.

Laoban, mwenye ghala, akaja mbio. "Meiyou wenti!" Hakuna shida! Akaigonga saa yake: kontena linafungwa saa kumi. Kila mahali bosi ana saa. Mfanyakazi ana mkono.

Felisia, aliyekuwa akihesabu marobota, aliutazama mzigo, kisha mkono wa Pandu.

"Zima, kaka."

Kontena liliondoka na nusu ya mzigo. Jumatatu fundi alibadilisha fremu ya mashine.

"Nisamehe, mama," Dainess alisema.

"Utepe uliubandika wewe, lakini woga wa kuchelewa uliujifunza kwangu. Sasa jifunze hili: ufa uliofichwa haulali. Ukiuona, sema, hata bosi anune, hata mimi ninune."

Pandu akanyoosha vidole vyake. "Hesabu, bibi mdogo."

Vilikuwa kumi.