Taa ya Lwazi

Miche minne ya bangi ilikuwa imeipa taa kisogo. MaKhoza alisimama na kopo lake la maji, asiamini. Mmea, hata ukiuweka uvunguni, utajipinda kuutafuta mwanga. Hii yote ilikuwa imeinamia mlangoni. Akazigeuza ndoo ilimopandwa, miche ikatazama taa. Kesho yake adhuhuri akaikuta imegeuka tena.

"Baba Lwazi, hebu njoo uone."

"Joto hilo," Velaphi alijibu akiwa sebuleni, bila hata kuinuka. "Ipandishe taa juu kidogo."

Ubahili wa Velaphi Zungu ulijulikana mtaa wetu mzima wa Umlazi, nami niliyekaa nao ukuta kwa ukuta nausema bila haya, maana aliazima chumvi kwangu miaka tisa na hakurudisha hata punje. Magoti yake yaliharibikia migodini, na bangi ndiyo iliyompa usingizi. Sheria imeshalegea, mtu apande yake kwake. Uani wezi waliing'oa kabla haijachanua, ndipo akaihamishia chumba cha nyuma. Kwanza akafunga balbu ya jikoni, miche ikarefuka miembamba kama nyuzi. Dukani wakamwonyesha taa bapa za kisasa, hazichomi, hazili umeme. Akauliza bei, akatoka bila kuaga.

Kisha Lwazi akafa. Alikuwa mtoto wao wa pekee, kapanga chumba Johannesburg, na yeye pia alikuwa na miche yake michache chini ya taa moja kubwa ya manjano. Kifua kilimbana, akafia chini ya taa ile, peke yake. Mtu akifia mbali, watu wa huku huuzika mwili, lakini roho huifuata. Mzee wa nyumba huenda na tawi la mlahlankosi, mti wa miiba, akaiita roho pale ilipomtoka marehemu, kisha akaizungumzia njia nzima: sasa tunavuka mto, sasa tunapanda gari. Na ndani ya teksi, yale mabasi madogo ya abiria, huilipia nafasi yake, kiti kizima kitupu, asikikalie mtu.

Velaphi alikwenda. Kiti hakununua. Alilipakata tawi, ubavuni kabanwa na abiria mnene, na miguuni alikuwa na mfuko wenye ile taa. Alipofika akamwambia mkewe kwamba kiti alikilipia. Vitu vya marehemu havitumiwi mpaka visafishwe kwa mila, lakini yeye aliifunga taa juu ya miche yake wiki ile ile.

"Taa nzima, ya bure, na wewe unataka ikae kabatini?" alimwambia MaKhoza. Rahisi ghali, walisema wahenga, ila bahili hasikii.

Alhamisi moja, saa nane mchana, umeme ukakatwa mtaa mzima. Friji ikanyamaza, redio yangu ikanyamaza. Taa ya chumba cha nyuma ikaendelea kuwaka. MaKhoza aliuona mwanga wa manjano chini ya mlango, akausukuma taratibu, na harufu ya kafuri ikampiga usoni, kafuri ile ile aliyokuwa akimpaka Lwazi kifuani tangu yuko mchanga, na katikati ya mngurumo wa taa akasikia kikohozi, kikavu, cha mtu anayejizuia asiwasumbue wenye nyumba.

"Lwazi?" alinong'ona. "Ni wewe, mwanangu?"

Miche ikatikisika, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Siku ile alinijia analia na kucheka. "Jirani, kafika! Nilizika mwili tu, moyo haukutulia hata siku moja. Sasa mwanangu yuko nyumbani." Akawa anampelekea sahani ya maharage na mahindi kila mchana, anakaa naye, anamweleza habari za mtaa. Mimi niliogopa, lakini sikuwa na uso wa kumkataza.

Velaphi alimcheka, mpaka siku aliyoingia mwenyewe kukata majani. Aliona vivuli vya miche minne ukutani, kisha akaona na cha tano, cha mtu aliyesimama kajikunyata, mikono kaibana kifuani kama aliyekosa nafasi, na kafuri ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na alipotaka kukimbia magoti yakakataa, na kikohozi kikaja karibu, karibu kabisa na sikio lake, kikafuatiwa na sauti ya adabu anayoijua.

"Baba, nikae wapi?"

Alitoka kalowa jasho chapachapa. Mkewe akamdaka mlangoni. "Umemsikia? Amesema nini?"

"Jini hilo!" Velaphi alihema. "Linamwigiza mtoto. Litatumaliza!"

Uongo mtupu. Alijua vizuri ni nani, na swali lile lilimchoma kuliko jini lolote. Jioni ile ile akaenda kumwita mganga, MaNgidi. Na safari hii, ajabu, hakuuliza bei.

MaNgidi alimkazia macho. "Mzee Zungu, nijibu kweli. Mwanao ulimfuata ipasavyo? Tawi?"

"Tawi."

"Na kiti?"

"Nilimlipia kiti."

"Basi mwanao yuko kwa wazee wake. Hili la humu ni jingine."

"Mama, nakuomba," MaKhoza alipiga magoti. "Nakijua kikohozi chake. Usinitolee mtoto."

"Ndivyo majini yanavyofanya, mama yangu. Pole."

Akafukiza chumba mpaka kuta zikatoa jasho, akaipiga taa fimbo, kioo kikamwagika. Kilio kimoja kikapita juu ya paa: "Ma!" Nilikisikia mimi, nyumba ya pili. Kisha akazika dawa pembe nne za nyumba na langoni, kisirudi kilichotoka.

Siku ya tatu, jua la utosi, langoni ikapigwa hodi. Hodi tatu ndogo, na kikohozi. MaKhoza alifungua, barabara nyeupe, hakuna mtu. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho yake. Akakimbilia kwa MaNgidi, na yule mama alipolisikia hilo akashika kichwa.

"Jini ukilitoa hukimbia. Halipigi hodi. Anayepiga hodi ana kwao." Akamshika mkono. "Mama, dawa yangu ikishafunga, hata mimi siwezi kuifungua. Kamuulize mumeo habari ya kile kiti."

Alimuuliza. Wala hakupaza sauti. Velaphi aliangalia magoti yake, akasema yote, la kiti na lile swali.

"Ulijua ni yeye?"

"Niliona aibu, Mama Lwazi."

MaKhoza aliingia jikoni, akapakua sahani mbili. Akachukua mkeka wake, akatoka langoni, akautandika nje ya ukuta, dawa isikofika, juani. Jua likageuka, likazama, hakuingia. Siku ya pili hakuingia. Velaphi akajikokota hadi langoni, mimi nikiwa nafagia.

"Mke wangu, ingia ndani. Watu wanatutazama."

Hakumgeukia. Aliisogeza sahani ya pili upande wa pili wa mkeka.

"Kula, mwanangu," alisema. "Baba yako ameshashiba."