Kipimajoto Kilichotulia

Kila siku ya chanjo Chiriku alimsaidia shangazi yake, muuguzi wa zahanati. Jina hilo alilipata kwa kusema bila kituo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila saa asome kipimajoto cha kisanduku cha pili cha baridi, chenye chanjo za mchana, na aandike daftarini. Kisizidi nyuzi nane.

Saa tatu asubuhi kilisoma tano. Kisha wenzake wakamwita kuruka kamba. Akachomoa barafu zote kisandukuni wapozee maji ya kunywa, akaacha kifuniko wazi. Kila saa alirudi mbio, akaandika "tano" bila kuchungulia.

Saa saba alichungulia. Ishirini na tisa! Alifunga kifuniko, akangoja. Nusu saa ikapita, bado ishirini na tisa. Kipimajoto cha ukutani nacho kilisoma vivyo hivyo. Akajipa moyo kwamba angalau cha kisanduku kimetulia, na baridi itarudi. Haikurudi.

Mama mmoja akaingia na kichanga. Shangazi alisoma daftari, akaridhika, akavuta dawa ya kisanduku hicho kwenye sindano. Chiriku aliitazama sindano. Akisema, ataaibika. Akinyamaza, mtoto atachomwa dawa iliyoharibika na mama yake ataamini amekingwa. Paja la mtoto lilikwisha kufutwa kwa pamba.

"Shangazi, usimchome," alisema. "Hizo tano ni za uongo."

Shangazi aliweka sindano chini, akamhoji mpaka akajua yote. Alipiga simu zahanati ya jirani, na baada ya saa nzima ya wasiwasi kisanduku kingine kililetwa. Mtoto akachanjwa.

"Lakini kipimajoto kilikuwa kimetulia," Chiriku alisema huku akilia.

"Kilitulia kwa sababu mambo yalikuwa yamekwisha," shangazi alijibu. "Nyuzi za ndani na za nje zilipotofautiana, joto liliingia na kuzidi kutawanyika. Wataalamu huupima mtawanyiko huo, na kuuita entropia. Nyuzi hizo zilipolingana, mtawanyiko ulikuwa umefika kileleni, hauna pa kuzidi. Na haurudi nyuma wenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Utulivu wa kipimajoto ulikudanganya wewe, na daftari lako likanidanganya mimi. Ila ukweli wako umemuwahi mtoto. Siku nyingine uuseme mapema."

Akamkabidhi kalamu. Chiriku alikata kila tano ya uongo, na kando yake akaandika: sikusoma.