Haja ya Ihirwe

Umuhoza ni fundi wa kushona, katika mtaa wa Rwezamenyo. Cherehani yake haijui kupumzika. Lakini asubuhi hiyo ilikuwa kimya. Binti yake mdogo, Ihirwe, alikuwa amelala mkekani akishika tumbo. Uji hataki, chai hataki. Roho ya mama ilikuwa juu juu.

Winifred, mhudumu wa afya wa mtaa, alipita kuwajulia hali. Yeye alikulia Tanzania, na Kinyarwanda bado kinampiga chenga.

"Mtoto anapata choo?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Choo iko, dada! Iko nyuma ya nyumba. Naosha kila siku."

Winifred akatabasamu. "Samahani, mama Ihirwe, sikuuliza vizuri. Choo ni kile chumba, na pia ni kile kinachotoka tumboni. Ihirwe anakwenda haja kubwa?"

Umuhoza hakujua. Akamgeukia mtoto.

"Ninajibana, mama," Ihirwe alinong'ona. "Ulisema ile neno ni mbaya."

Ilikuwa kweli. Siku chache nyuma, mtoto alitamka "mavi" mbele ya wageni, na mama akamfokea. Kumbe alipofunga mdomo, na tumbo nalo likafunga! Umuhoza alimkumbatia, machozi yakimlengalenga.

"Yoo, mwana wanjye! Unisamehe."

"Mficha uchi hazai," Winifred alisema kwa upole. "Mpe neno lingine. Haja imetoka katika Kiarabu, maana yake ni hitaji. Mwili unahitaji kula, na unahitaji kutoa uchafu. Aibu iko wapi?"

"Hakuna," Umuhoza alijibu. "Sasa nifanye nini?"

"Mpe maji ya kutosha, maharage, mchicha mnaouita dodo, na papai. Akishakula, mpeleke chooni, wala usimharakishe. Usimpe dawa ya kumfanya aharishe bila kuuliza. Tumbo likivimba, akitapika, au ukiona damu, mkimbize kituo cha afya."

Umuhoza alifuata yote. Tumbo likalegea, na Ihirwe akarudi kucheza na wenzake.

Siku moja duka lake la kushonea lilijaa wateja. Bibi harusi alikuwa amesimama, gauni likiwa nusu limebanwa kwa pini. Mara sauti ikasikika hadi barabarani:

"Mama, nina haja!"

Wateja wakaangua kicheko. Umuhoza akaweka pini chini, akamshika binti yake mkono.

"Twende, mwanangu. Umesema vizuri."

Bibi harusi akangoja.