Mwanga wa Mahali Alipooshewa

Yaliyompata Bi Mwanamvua, jirani yetu wa Marui huko Kisarawe, yalianza siku ya kawaida kabisa. Alichambua mchicha, akaanika mihogo, akaswali Alasiri. Jioni binti yake Kudra, anayefanya kazi ofisini Kibaha, akaingia na mkoba begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wala usiniulize kama nimelala. Sijalala."

Bi Mwanamvua alikuwa amekaa eda. Tangu mumewe, Mzee Mwinjuma, azikwe, usingizi ulikuwa umempaa. Mwanzoni sababu ilijulikana. Kila baada ya Isha alijilaza na simu ya marehemu, akitazama picha zake na kusikiliza sauti yake mpaka macho yakawasha. Kudra alimweleza kwamba mwanga wa simu unaudanganya mwili, ukadhani bado ni mchana. Ikiingia Magharibi apunguze mwanga. Baada ya Isha asiiguse kabisa. Simu ikalale chumba kingine.

Yote aliyafanya. Jioni zake zikabaki za tasbihi na uradi tu. Na bado, kila alipofumba macho, mwanga wa buluu ulimpiga usoni.

"Mama, unaichungulia kwa siri," Kudra alicheka. "Umekuwa kama wale vijana wa kijiweni!"

"Wallahi siigusi! Kila anayekuja kunipa pole ananiambia zima simu, zima simu. Nimezima! Nizime nini tena, Kudra?"

Baada ya Isha, Kudra mwenyewe akaizima. Akachomoa betri, akavitia vyote mkobani, akafunga zipu. Akashusha komeo la mlango, wakalala kitanda kimoja.

Mwanga ukaja.

Haukutoka mkobani. Ulitoka chini, sakafuni, kando ya kitanda. Kipande cha mwanga cha ukubwa wa kiganja, chenye pembe nne. Kilikuwa pale pale alipooshewa Mzee Mwinjuma.

Kicheko chote kilimwisha Kudra.

"Mama," alinong'ona. "Pale uliweka nini?"

Kwao, mahali alipooshewa maiti huwekwa taa, pasikae giza. Usiku ule wa msiba umeme ulikatika, na nyumbani hamkuwa na tone la mafuta ya taa. Katika kuhangaika, Bi Mwanamvua aliiwasha simu ya marehemu, akailaza pale, kioo kikitazama juu. Iliwaka mpaka chaji ikaisha.

"Niliweka taa yake," alijibu.

Mwanga ukafifia kidogo, kama vile mtu ameuinamia.

Kudra akaanza Ayatul Kursiy. Akakwama katikati. Akaanza tena. Akakwama palepale.

Bi Mwanamvua hakusoma. Alikuwa amechoka kuliko alivyoogopa. Akaketi kitandani, akaugeukia ule mwanga.

"Baba Kudra! Nakuombea asubuhi na jioni. Nimekaa eda yako, mlango wa nje siujui. Sijakunyima haki yako hata moja. Mimi ninanyimwa usingizi kwa kosa gani? Izime hiyo taa. Nataka kulala kama wewe ulivyolala."

Mwanga ukazimika.

Akajilaza ubavu, akauelekea ukuta. Usingizi ukamchukua kabla hajamaliza kupiga Bismillahi.

Alfajiri, adhana ilipolia, Kudra alipapasa gizani, akamtikisa bega.

"Mama. Swala."

"Nimeamka mwanangu. Alhamdulillahi, leo nimelala! Washa taa basi, mbona giza hivi?"

Kudra akawasha. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagota mlangoni. Komeo lilikuwa bado limeshushwa kwa ndani.

"Kudra? Si nimekwambia uwashe?"

Bi Mwanamvua alikuwa amelala chali, amenyooka, mikono imepangwa kifuani. Chumba kizima kilinuka karafuu maiti. Na juu ya macho yake, jicho la kulia na la kushoto, palikuwa na pamba nyeupe, imebandikwa kwa uangalifu, bado mbichi kwa maji.