Mama na Fundi wa Mbali

Asubuhi ya leo nilikuwa nakata nyuzi zilizoning'inia kwenye majoho ya mahafali, mara cherehani ya kutarizi ikakwama. Mama yangu ni fundi nguo. Majoho kumi na tisa yalikuwa bado hayana nembo, na mahafali ni kesho. Mama alijaribu kuinyanyua sindano, ikagoma kabisa.

Kwenye kitabu cha mashine kulikuwa na namba ya fundi wa kiwandani, nchi nyingine huko. Mama akapiga. Mimi nikaona aibu, maana Kiingereza chake kimekaa kama Kiswahili, kila neno analikanyaga mpaka mwisho. Nikamwomba simu. Shuleni hata mkono sinyooshi, lakini pale nikajifanya mtaalamu.

Nikaongea kama wale wa kwenye filamu, mbiombio, nusu ya maneno yakitokea puani. Fundi akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, kwa upole, na yeye alivyokuwa anaviringisha maneno yake sikuambulia kitu. Jasho likanitoka.

"Lete simu, mwanangu," mama akasema. "Huyo mtu anasikia vizuri tu. Wewe unamkimbiza."

Akaongea na fundi vilevile anavyopokea vipimo vya wateja: anasikiliza, anarudia alichosikia, anangoja aambiwe ndiyo, ndipo anagusa kitu. Fundi akamwambia afungue kibao cha chini ya sindano. Mama akarudia, akafungua. Kila mmoja na lafudhi ya kwao, na hakuna aliyepotea. Hata wakataniana kidogo. Karibu na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kulikuwa na fundo la uzi kama kiota cha ndege. Mama akalitoa kwa kibano, mashine ikanguruma. Saa kumi na moja jioni joho la mwisho likapata nembo.

Nikamuuliza amejifunzia wapi kuongea hivyo. Akasema kwa wateja wabishi. Halafu akaacha utani.

"Kiingereza unakijua kunishinda, mwanangu, hilo sikatai. Ila anayekusikiliza hana haja na uliyemwiga, anataka kujua unasema nini. Ongea kwa sauti yako, taratibu. Usipoelewa, uliza."

Nikachukua simu yake, nikamrekodia fundi ujumbe wa Kiingereza kwa sauti yangu hii ya nyumbani: mashine inashona, asante kwa kunivumilia. Nikautuma kabla sijaghairi.

Hajajibu bado.