Mstari wa Tatu

Jumatatu asubuhi orodha ilikuwa na mistari mitatu, na Isihaka alikuwa ameweka miwili tu.

Alijua fika, maana kazi ile aliifanya kwa mikono yake Jumapili nzima, duka lake la kuchapa barua pale Nachingwea likiwa limefungwa. Diski ya kwanza aliiachia Windows ya wateja. Ya pili, aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu ya marehemu fulani, iliyouzwa mnadani Ruangwa, bila kuuliza huyo marehemu alikuwa nani, akaipa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ili kila mmoja alale chumba chake wasije wakavurugana. Ukiwasha, kioo kinakuonyesha mistari miwili na kuhesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Usipochagua, kinaingia kwenye mstari uliotiwa rangi. Mambo ya kisasa hayo, mwaka 2008, na Isihaka hakuwa mtu wa kunyamazia maarifa yake.

Mstari wa tatu ulisema: Hadija.

Lilikuwa jina la binti yake wa miaka minne. Ni kweli, Linux ilipotaka kompyuta ipewe jina, ndilo aliloandika, kwa mapenzi tu. Lakini hakuliweka kwenye orodha. Akadhani kakosea mahali, akachagua Windows, akaendelea na barua za watu. Mchana ule duka likanuka maganda ya korosho yanayoungua, na ilikuwa Aprili, msimu umekwisha zamani.

Jumanne jina lilipanda katikati, na Hadija akaamka na homa. Jumatano lilikuwa juu kabisa, limetiwa rangi, na diski ya pili ikakwaruza kama ukucha ndani ya kibuyu. Isihaka aliwahi kubonyeza Windows ikiwa imebaki nne. Aliporudi nyumbani, nyuma tu ya duka, mkewe Shakila alimvuta pembeni.

"Uliwasha saa ngapi leo, baba Hadija?"

"Saa tatu na nusu. Kwa nini?"

"Saa hiyohiyo mtoto alikakamaa, macho juu. Nikadhani ndiyo basi. Mara akalegea."

Majivuno yote yakamtoka. Akapanda pikipiki mpaka Chunyu kwa Bi Mwantumu, mganga, ambaye ndiye aliyemwaga unga wa mtama siku Hadija anapewa jina. Huko hakuna anayetoa jina la mtu hivihivi. Unga humwagwa kwanza, wazee wakaliombea.

"Na wewe ukampa marehemu usiyemjua, tena bila unga," bibi alisema polepole alipokwisha kusikia habari ya diski. "Umewafanya wajina, mjukuu wangu. Wajina mlango wao ni mmoja."

"Nikiing'oa hiyo diski, bibi?"

"Usithubutu. Umtoe kwake, halafu aende wapi? Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyu si wa hivyo. Nitakuja Ijumaa na unga, nimwonyeshe njia kwanza. Mpaka hapo isiwashwe."

Isihaka aliizima, akafunga duka. Kwa hofu akasahau jambo alilolipanga mwenyewe: umeme wa pale ulikuwa wa kukatika kila mara, basi aliiweka mashine ijiwashe kila unaporudi.

Alhamisi baada ya adhuhuri umeme ulikatika. Redio ya jirani ilipoanza kuimba tena ndipo alipokumbuka, akakimbia bila viatu, akapita uani, akahangaika na kufuli huku harufu ya maganda ikimkaba koo, akakuta ile mashine iliyo nzito kuamka imeshaamka, jina la binti yake likiwa peke yake kwenye kioo, mistari yake miwili haipo, na hesabu imefika sita, akabonyeza, tano, akabonyeza kila kitufe cha kibodi, nne, na nyuma ya ukuta akamsikia Shakila akiita Hadija, Hadija, tatu, akamsahau Bi Mwantumu na unga wake, akabandua ubavu wa mashine, akaishika diski ya pili, ina joto kama la mwili, akaing'oa pamoja na nyaya zake.

Kioo kikawa cheusi. Kisha mashine ikajiwasha upya, ikaingia Windows moja kwa moja bila kuuliza kitu. Isihaka akakaa sakafuni akalia kwa furaha.

Nyumbani alimkuta mtoto ameketi mkekani, paji la uso limepoa.

"Homa imeshuka," Shakila alinong'ona. "Ameinuka mwenyewe."

Isihaka alimpakata. Nywele zake zilinuka maganda ya korosho.

"Kumi," Hadija akasema.

"Umemfundisha lini?" Shakila akauliza. Mtoto alikuwa akijua kuhesabu mpaka tano tu.

"Tisa," akasema Hadija, na sauti ilikuwa ya mwanamume mtu mzima. "Nane."

Isihaka akampapasa usoni, mikononi, kifuani, akitafuta pa kubonyeza.