Kwa Nini Alizima Kamera

"Nani alizima kamera, Alfayo?"

"Ni mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Kwa nini?"

Hapo Konstebo Alfayo akainamisha kichwa akaanza kukagua viatu vyake. Mtu mzima, polisi, kifua cha kutosha watu wawili, ameshindwa na swali la mshona nguo. Lorna alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha ushonaji pale Nyamache, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni, na machozi hayakuwa hata karibu. Alikuwa na hasira safi. Ilikuwa siku ya soko, na wauza ndizi wa upande wa pili walikuwa kimya. Wauza ndizi wakinyamaza, jua wanasikiliza.

"Ndugu yangu amevunjwa mkono nyumbani kwetu," Lorna alisema. "Ulikuwa hapo, na kamera ilikuwa kwa kifua yako. Mimi nauliza tu, mbona uliizima?"

"Hiyo siwezi kukuambia."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi, Lorna."

"Basi nenda."

Akaenda. Nami nawaambia mapema, msikimbilie kumlaani, ingawa hata mimi nilimlaani kwanza.

Kituo alichofanyia kazi Alfayo ni kidogo tu, jina lake tuliache. Kilikuwa kimeletewa kamera za kuvaa kifuani, za majaribio, na sheria yake ilikuwa moja: ukitoka kituoni inawaka mpaka urudi. Wananchi walifurahi. Askari wengi walinuna, wakasema wanachungwa kama ndama. Alfayo alikuwa mmoja wa wachache waliozipenda. Alimwambia Lorna mara nyingi kwamba askari asiyefanya ubaya hana cha kuogopa akirekodiwa. Wakati huo ng'ombe wa kwanza wa mahari walikuwa wameshatoka kwa kina Alfayo huko Gesima, na Lorna alikuwa ameanza kushona gauni lake mwenyewe.

Sasa sikia kilichotokea. Eric, mdogo wake Lorna, ni mwendesha bodaboda. Alimrekodi kwa simu Sajenti Nyasani akimzaba kofi mwanamke muuza mboga. Sajenti akaapa kwamba ile simu ataipata. Jumatatu alasiri akamchukua Alfayo bila kumwambia wanaelekea boma la nani, na kabla Alfayo hajapata la kusema, wakawa wameingia kwa kina Lorna bila hata hodi. Kamera ya Sajenti, eti, haikuwa na chaji. Ya Alfayo ilikuwa inawaka. Video yake inaonyesha lango likipigwa teke, inaonyesha migomba, inaonyesha Eric akisimama na simu mkononi na kupiga kelele. Kisha giza. Picha ikirudi, Eric yuko chini ameshika mkono, simu imekuwa vipande, na Sajenti anasema kwa upole wa mchungaji, "Pole kijana, umeteleza."

Alfayo aliandika kwenye maelezo yake kwamba kamera aliizima mwenyewe, na kwamba alisikia kipigo lakini hakukiona kwa sababu alikuwa amegeuka. Sababu ya kuizima hakuitoa. Mama Persis, mama yao Lorna, naye aliandika kwamba alikuwa jikoni na hakuona kitu. Kwa hiyo neno la Eric likabaki peke yake dhidi ya neno la Sajenti. Alfayo akasimamishwa kazi akingoja kuhojiwa, na Nyasani akaendelea kupigiwa saluti.

Jioni ile ya soko, ujumbe uliingia kwenye simu ya Lorna.

"Lorna naomba uniamini. Sikushirikiana na Nyasani."

"Sema ukweli nikuamini."

"Siwezi kuusema."

"Basi ng'ombe zenu zirudi Gesima."

Lorna akalikunja lile gauni ambalo halijakamilika, akalisukuma chini ya meza pamoja na mabaki ya vitambaa.

Alishona sare za shule kwa hasira mpaka akavunja sindano. Uzi ulipomwishia alikwenda Kisii mjini kwenye duka la vitambaa la Firdaus, ambaye walisoma pamoja. Alimmwagia yote. Firdaus alisikiliza huku akipima kitambaa cha mteja, wala hakumpa pole aliyoitarajia. Aliuliza kamera ilikuwa imeelekea wapi ilipozimwa.

"Kwa Eric," Lorna alisema.

"Umeiona hiyo video?"

"Nimeambiwa."

"Basi hujui. Mwanaume akizima kitu ghafla na ageuke, mimi nauliza ni nani ametokea mbele yake. Kwetu kaka yangu akiingia uani akute mgeni wa kike hajajifunika, anageuka hivyo hivyo, anatoka. Hatafuti ubaya. Ni adabu tu."

Lorna alisahau uzi wake kwenye kaunta.

Alipofika nyumbani alimkuta Eric amekaa barazani na plasta yake. Alimuuliza kama kuna mtu alitokea pale uani. Eric alisema Alfayo hakumgusa, kwamba aligeuka akaenda upande wa migomba upesi kama aliyeona nyoka.

"Aliona nini?"

Eric akaitazama plasta. "Dada, niulize zingine."

Hapo Lorna akakumbuka kitu kidogo ambacho alikuwa amekiona bila kukijali. Tangu Jumatatu ile, mama yao hakuwa ameingia tena kwenye bafu la mabati nyuma ya jikoni. Alikuwa akiogea chumbani, kwa karai, mlango umefungwa kwa komeo. Lorna aliingia jikoni, akachukua kisu cha pili, akaketi kumsaidia kumenya ndizi.

"Mama, mbona siku hizi unaoga ndani?"

Mama Persis akachukua ndizi nyingine.

"Bafu imeharibika?"

"Bafu iko sawa."

"Ile Jumatatu hukuwa jikoni, ama?"

Kisu cha mama kikasimama. Akaongea huku ameitazama ndizi.

"Nilikuwa nimetoka kuchuma majani chai, nikaingia nioge. Nikasikia Eric analia. Unafikiri mama akisikia hivyo anatafuta nguo? Nilitoka nimejifunga leso peke yake, na leso ikashikwa na msumari ya mabati, ikabaki huko. Nikasimama kwa uwanja vile nilizaliwa. Na mbele yangu, mkwe wangu."

Kwa msomaji asiye Mkisii, ngoja nieleze. Kuna kitu kinaitwa ensoni, ile haya iliyowekwa baina ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe hukai naye ovyo, chumbani kwake huingii, na kumwona uchi ni jambo zito ambalo zamani lingesimamisha ndoa mpaka wazee wakae na mbuzi achinjwe. Mama Persis ni Msabato wa kiti cha mbele, lakini ensoni yake haikuzama siku ya ubatizo.

"Alfayo hakuniangalia mara ya pili," mama aliendelea. "Alifinya ile kitu kwa kifua, akageuka, akaenda. Aliniachia nafasi nivae."

"Na Nyasani?"

"Nyasani si mkwe. Aliangalia, akacheka. Halafu akaona kamera imezimwa. Hapo ndio alitoa rungu. Niliona yote, Lorna. Alimpiga mara mbili hapo hapo kwa mkono yenye ilikuwa na simu."

"Sasa mbona uliandika hukuona?"

"Ningesema nimeona, wangeuliza nilikuwa nimesimama wapi, nimevaa nini, na nani aliniona. Nyamache yote ingejua. Wewe ungeolewaje na mtu ameona mama yako? Nikasema mkono ya Eric itapona. Harusi ikivunjika nitaiunga na nini?"

"Harusi ilishavunjika, mama."

"Nani aliivunja?"

"Ni mimi. Kwa sababu mlinyamaza."

Wakatazamana juu ya maganda ya ndizi. Mama na Alfayo walikuwa wamefunga midomo ili kuilinda harusi, na ukimya wao ndio ulioiua. Mama Persis alifunika uso kwa kanga akalia, na Lorna akalia naye, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Walipomaliza, mama aliosha mikono, akamwambia binti yake aende Gesima kesho yake, akamwambie Alfayo kwamba yeye Persis ataongea.

Lorna alimkuta Alfayo katikati ya shamba la chai, kikapu mgongoni, anachuma na mama yake. Yule mama alipomwona tu akakumbuka kwamba ana sufuria motoni.

"Mama ameniambia yote," Lorna alisema.

Mikono ya Alfayo ikatulia juu ya majani. "Hakufaa kusema."

"Na wewe ulifaa kufutwa kazi?"

"Nikisema ni kumvua mara ya pili. Mbele ya wakubwa, na iandikwe. Afadhali kazi iende."

"Na mimi niende pia?"

"Wewe ulishaenda, Lorna."

Neno hilo lilimchoma, na alistahili. Akasogea mpaka kichaka kimoja tu cha chai kikawa kati yao.

"Nimerudi. Nakupenda, hiyo sikuacha hata nikiwa na hasira. Lakini sijakuja kukusifu. Uliheshimu mama yangu, na hapo hapo ukamwachia Nyasani mkono ya ndugu yangu. Zote mbili ni kweli, na utazisema zote mbili."

"Najua."

"Ungegeuka tu, Alfayo. Ungegeuka nayo ikiwaka. Kamera iko kwa kifua, ingeona migomba, na sauti ingebaki."

"Nilijua hiyo kabla sijafika kwa migomba," Alfayo alisema. "Nilikuwa nataka kuiwasha tena. Halafu nikasikia mfupa." Aling'oa jani moja, akalitupa. "Naisikia kila siku."

Lorna alimshika mkono uliojaa utomvu wa chai. Hakumwambia yamepita, kwa sababu hayakuwa yamepita. Alimwambia tu avae shati safi siku ya kuhojiwa, na kwamba wataingia pamoja.

Siku hiyo, Kisii mjini, Mama Persis alivaa gauni lake la kanisani na kilemba cheupe. Jopo lilikuwa na watu watatu, na aliyeongoza alikuwa mama mmoja wa makamo; Sajenti Nyasani naye alikuwa ameitwa. Alfayo aliongea kwanza. Alikiri kwamba sheria ilimtaka aiache kamera ikiwaka, kwamba yeye aliizima, na kwamba katika lile giza mtu aliumizwa.

"Sababu iko, na si ya kumficha Sajenti," alisema. "Lakini mwenye hiyo sababu ndiye ataamua kama itasemwa."

Mama Persis akasimama. Mwenyekiti, alipoona jinsi anavyoshika mkoba wake, alimwambia wanaweza kuwatoa watu wote nje kama anaona haya.

"Mkwe wangu atoke, kwa heshima," Mama Persis alisema. "Huyu Sajenti abaki. Yeye aliniangalia bila aibu, wacha anisikilize."

Alfayo akatoka akasimama nje ya mlango. Ndani, mama alisema yote, bafu, leso, msumari, kicheko na rungu. Hakulia wala hakuruka kitu. Nyasani aliyekuwa akitabasamu alianza kufuta jasho, na alipoulizwa ilikuwaje kijana ateleze halafu avunjike mkono uleule uliokuwa na simu, alijibu kwamba hakumbuki vizuri.

Mwenyekiti alikuwa na swali la mwisho. Alimuuliza kama, baada ya yaliyomkuta, haoni kwamba kamera zisiruhusiwe kwenye maboma ya watu.

"Ziingie," Mama Persis alisema. "Na ziwake, isiwe mambo ya askari kuchagua. Mimi aibu yangu ningevaa nguo ikaisha. Mkono ya mtoto wangu haikuisha hivyo. Lakini na hodi pia iwe lazima. Hao watu wangepiga hodi, ningevaa, na hakuna mtu angetafuta kuzima kitu."

Lorna alikuwa ameketi nyuma. Anasema hajawahi kumpenda mama yake kama alivyompenda dakika ile.

Nyasani alifutwa kazi na kesi yake ikapelekwa mahakamani. Alfayo naye hakuachwa hivi hivi. Alipewa onyo kali, akakatwa mshahara, kisha akarudishwa kituoni. Alikubali adhabu bila kukata rufaa. Nyamache walisema waliyosema, kama Mama Persis alivyoogopa, kwa wiki mbili hivi, kisha wakachoka. Wazee wa pande zote mbili waliketi, mbuzi akachinjwa, yakaisha. Na gauni likatoka chini ya meza.

Wiki moja kabla ya harusi, Lorna alikuwa barazani kwao akishona pindo la mwisho, Eric yuko kando yake akikunjakunja vidole vya mkono uliotolewa plasta. Nyuma ya jikoni, ndani ya bafu la mabati, maji yalikuwa yakimwagika. Pikipiki ya polisi ikasimama nje. Alfayo alishuka na karatasi ya kumwita Eric kama shahidi mahakamani, taa nyekundu inawaka kifuani. Lango lilikuwa wazi kabisa. Hakuligusa.

"Hodi hapa."

Lorna akainua macho, lakini sauti iliyojibu ilitoka nyuma ya jikoni.

"Nani huyo?"

"Ni Alfayo, mama. Niko kazini. Kamera inawaka."

Maji yakanyamaza. Kukawa na kishindo cha ndoo.

"Basi ngoja hapo nje nivae," Mama Persis alisema. "Na usiizime."

Alfayo akageukia barabara, mikono nyuma, akangoja.